Mtutu mpya wa .270 ya kuwindia: msokoto 1:10, 1:9 au 1:8?

Kibuyu_cha_Baruti:

Wakuu, habari zenu. Fundi bunduki anasubiri jibu langu, nami kila nikisoma ndivyo nachanganyikiwa.

Nina bunduki ya .270 Winchester ya bolti. Koo la mtutu (mwanzo wa mifereji, mbele tu ya chemba) limeliwa na moto wa baruti, kwa hiyo unatoka na unaingia mpya: inchi 22, unene wa kati, mdomoni ukatwe hesi za kufungia kizuia sauti. Mwili, bolti na kifyatulio vinabaki. Mtutu wa zamani una msokoto wa 1:10, yaani mifereji ya ndani inamaliza mzunguko mmoja kila inchi 10. Fundi anasema anaweza kuagiza 1:10, 1:9 au 1:8, nichague mwenyewe.

Mimi natafuta nyama, medali nawaachia wengine. Napiga kati ya mita 80 na 250, mara chache 300. Siku hizi natumia kichwa cha shaba tupu cha greni 130 (nikisema kichwa nina maana ya kile kinachoruka, si risasi nzima; greni ni kipimo cha uzito). Nimekipima kwa kalipa, urefu wake ni inchi 1.25, na kinatoka kwa futi 3,000 kwa sekunde. Nina hamu pia ya vile vichwa vipya vyembamba vya greni 165. Nilichokishika kilikuwa na urefu wa inchi 1.45.

Jamaa mmoja ananiambia 1:8 inapunguza usahihi na kumaliza mtutu mapema. Mwingine anasema greni 130 ni nyepesi, 1:10 inatosha, mjadala umefungwa. Nimsikilize nani?

Shabaha_Moja:

Mkuu, .270 ilitoka mwaka 1925 ikiwa na 1:10 na kichwa cha greni 130. Wanyama wameanguka tangu siku hiyo. Usijitafutie ugonjwa usiokuwa nao. Weka 1:10, nenda porini.

Mzee_Kerezo:

Shabaha_Moja, uliyosema ni kweli, ila kichwa cha 1925 kilikuwa na kiini cha madini ya risasi, na cha Kibuyu ni shaba tupu. Hapo ndipo penye mjadala wenyewe.

Kibuyu, anayekwambia "greni 130 ni nyepesi" anaangalia uzito. Msokoto unatafuta urefu. Kichwa kinaruka kikiwa kimesimama kama pia: kadiri kinavyokuwa kirefu na chembamba ndivyo kinavyotaka kuzungushwa kwa nguvu zaidi ili kisipinduke. Uzito tumeuzoea kama kipimo kwa sababu umeandikwa kwenye boksi na urefu haujaandikwa. Zamani haikuleta shida, kwani vichwa vyote vilijengwa kwa namna moja na kizito ndicho kilichokuwa kirefu. Ilipokuja shaba tupu mambo yakavurugika. Sentimita moja ya ujazo ya shaba ina gramu 8.96, ya madini ya risasi ina gramu 11.34. Ukitaka greni 130 za shaba kwenye kipenyo kilekile, huna ujanja, lazima kichwa kirefuke.

Yupo mwanahisabati Mwingereza, George Greenhill, aliyetoa kanuni mwaka 1879 ambayo bado inatosha kwa hesabu ya nyuma ya bahasha. Chukua 180 (150 kwa mwendo wa chini ya futi 2,800 hivi), zidisha kwa kipenyo mara kipenyo, gawa kwa urefu. Kwako (kipenyo halisi cha kichwa cha .270 ni inchi 0.277): 180 mara 0.277 mara 0.277, gawa kwa 1.25. Unapata kama 11, yaani 1:11. Ukiishia hapo utasema 1:10 inatosha na chenji inabaki. Lakini Greenhill alihesabu kwa kichwa chenye uzito mahususi wa 10.9. Ukirekebisha kwa shaba, 11 inashuka mpaka 10 kamili. Chenji yote imeliwa.

Sasa chukua kanuni ya Miller, ambayo ndiyo mafundi wengi tunaitumia leo. Yenyewe haikupi msokoto, inakupa namba ya uthabiti. Chini ya 1.0 kichwa kinapinduka angani na unaona matundu ya mviringo wa yai kwenye karatasi. Kati ya 1.0 na 1.5 kinaruka, shabaha inaonekana nzuri, lakini kinatembea kikitikisa pua na hewa inakikaba zaidi ya ilivyoandikwa kwenye boksi. Kuanzia 1.5 kwenda juu unalala usingizi.

Nimekupigia hesabu kwa vipimo vyako. Greni 130 ya shaba: kwa 1:10 ni 1.49, kwa 1:9 ni 1.84, kwa 1:8 ni 2.33. Ile ya greni 165, nikikadiria inatoka kwa futi 2,800: kwa 1:10 ni 1.20, kwa 1:9 ni 1.48, kwa 1:8 ni 1.88.

Namba hizo ni za nyuzi 15 usawa wa bahari. Hewa ikiwa nzito, uthabiti unashuka. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, usawa uleule wa bahari, ile 1.49 inakuwa 1.31. Ukipanda mita 2,000 mambo yanageuka: hewa ni nyepesi na unapata nyongeza ya moja ya tano hivi. Kwa hiyo bunduki iliyopimwa mlimani wakati wa joto isikudanganye kwamba itafanya vilevile tambarare kwenye baridi. Jeshi la Marekani lilikutana na hili kwenye M16 za mwanzo: msokoto ulikuwa 1:14, majaribio ya baridi kali yakaonyesha kichwa hakitulii, ukabadilishwa kuwa 1:12.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa 1955. Winchester walitoa .243 yenye 1:10, Remington wakatoa .244 yenye 1:12. Kipenyo kimoja, na ganda la .244 lilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya baruti. Tofauti ni kwamba Winchester walifikiria mwindaji anayetaka greni 100 kwa ajili ya kulungu, Remington wakafikiria vichwa visivyozidi greni 90. Wanunuzi walikwenda kwa Winchester. Mwaka 1963 Remington walibadilisha jina likawa 6mm Remington, na msokoto ukawa 1:9, lakini soko lilikuwa limeshaondoka. Risasi nzuri ilizamishwa na inchi mbili za msokoto.

Ushauri wangu: 1:8. Kama roho inasita, 1:9, ila ile greni 165 uisahau majira ya baridi. Na kwa kuwa unafunga kizuia sauti, 1:10 ningeifuta kabisa. Kichwa kinachotikisa pua mdomoni kinaweza kugusa kuta za ndani za kizuia sauti, na hapo utanunua kingine.

Kibuyu_cha_Baruti:

Mzee shikamoo, na ahsante kwa kunifanyia hesabu. Bado nina mawili. La kwanza ni lile la usahihi: mbona watu wengi wanasisitiza usizidishe msokoto? La pili, nimesoma kwamba msokoto mkali unafanya kichwa kipenye nyama kwa kunyooka zaidi. Ni kweli?

Mzee_Kerezo:

Marahaba. La usahihi lina ukweli wake, ila watu wamelipuliza likavimba. Hakuna kichwa ambacho uzito wake umekaa katikati kabisa. Kikiwa kimepotoka, kinapotoka mdomoni kinarushwa pembeni kidogo, na kadiri kinavyozunguka kwa kasi ndivyo kinavyorushwa zaidi. Tuseme kimepotoka kwa sehemu mbili na nusu za elfu moja za milimita. Kwa mwendo wako, mita 200 mbele, 1:10 inakitupa kama sentimita 1.2 na 1:8 kama sentimita 1.5. Tofauti ni milimita tatu hivi. Anayeshindana kwenye benchi kwa vichwa vifupi anahangaikia milimita hizo, na ana haki. Wewe unapiga kifua cha mnyama.

Zaidi, kichwa cha shaba tupu kinachongwa kutoka kipande kimoja. Hakina gamba na kiini vinavyoweza kukaa mshazari, kwa hiyo kina nafasi ndogo ya kupotoka.

Hofu ya kupasuka angani ni ya vichwa vyepesi vyenye gamba jembamba. Kupata mizunguko kwa dakika, zidisha mwendo kwa 720 kisha gawa kwa msokoto. Futi 3,000 kwenye 1:8 ni mizunguko 270,000, na shaba tupu haina habari nayo. Lakini ukichukua kichwa laini cha greni 90 cha kupigia wanyama wadogo ukakisukuma futi 3,500, unafika 315,000, na hapo gamba jembamba linaweza kuchanika kabla ya kufika. Kama una mpango huo niambie, nitageuza ushauri.

Kumaliza mtutu: sijali hilo. Koo linaliwa na joto na wingi wa baruti, na mtu anayepiga mfululizo mtutu ukiwa bado unachoma mkono.

Kuhusu nyama, hapana, si kwa namna wanavyosema. Mwili wa mnyama ni mzito mara 800 hivi kuliko hewa. Ili mzunguko peke yake ukishike kichwa mle ndani kama unavyokishika hewani, ungehitaji msokoto mkali mara 28 kuliko 1:10. Huo ni mzunguko mmoja kwa kila milimita tisa. Mtutu huo haujazaliwa. Kinachonyoosha njia ndani ya nyama ni kichwa kufunguka mbele haraka na kuwa kifupi chenye uso mpana. Faida ya uthabiti ni kwamba kinafika kimenyooka, pua mbele, kikaanza kufunguka inavyotakiwa. Kikigusa ngozi kikiwa kimeinama, hakuna wa kukijibia.

Nyayo:

Naongeza dogo. Kibuyu, usiamini kwamba mtutu wako wa zamani ni 1:10 kwa sababu umeandikwa hivyo. Chukua fimbo ya kusafishia yenye mpini unaozunguka, funga kitambaa kinachobana, ingiza, weka alama ya wino sehemu ya juu ya fimbo, kisha sukuma taratibu mpaka alama irudi juu tena. Umbali iliosogea ndio msokoto wako. Nimeona mitutu inayotofautiana na maandishi yake kwa robo inchi na zaidi.

Halafu, je, ile inchi 1.25 umepima pamoja na ncha ya plastiki? Ncha ni nyepesi sana, ukiihesabu kama shaba kanuni ya Miller itakuonyesha hali mbaya kuliko ilivyo.

Kibuyu_cha_Baruti:

Hakina ncha ya plastiki, ni tundu tu mbele. Basi nampigia fundi simu kesho: 1:8. Kuna kingine cha kumwambia?

Mzee_Kerezo:

Kipo, na wengi wanakisahau. Msokoto utakiruhusu kichwa kirefu kiruke, lakini lazima kwanza kiingie kwenye magazini. Risasi nzima ya .270 kwa kawaida haizidi inchi 3.34. Kichwa cha inchi 1.45 kikikaa ndani ya kipimo hicho kitazama sana kwenye ganda na kula nafasi ya baruti. Pima magazini yako kwa ndani. Kisha tengeneza risasi mbili za mfano zisizo na baruti wala fataki, moja ya greni 130 na moja ya greni 165, kila moja kwa urefu unaotaka itumike, umpelekee fundi ili koo la chemba alikate kwa kuzifuata hizo. Toboa maganda yake pembeni, asije mtu akadhani ni risasi hai.

Kibuyu_cha_Baruti:

Magazini nimeipima sasa hivi, ndani ni inchi 3.40. Nitatengeneza za mfano kwa 3.35 na kuzitoboa.

Mzee_Kerezo:

3.35 sawa. Mwambie fundi akate koo kwa ile ya greni 165, halafu ile ya 130 utaitafutia urefu wake mwenyewe. Vichwa vingi vya shaba tupu hupenda kuanza mbali kidogo na mifereji, kwa hiyo pengo hilo lisikutie wasiwasi.