Mkopo wa nyumba ya kwanza: nichukue wa miaka 10 au 20? Nina siku tisa tu

Msaka Nyumba
Habari za jioni wakuu. Humu mimi ni msomaji wa kimya, ila leo yamenifika shingoni. Nina miaka 34, watoto wawili, ajira ya kudumu. Ndani ya miaka sita nimehama nyumba za kupanga mara nne, na kila nikihama nasogea mbali zaidi na mji. Sasa nimepata nyumba ya vyumba vitatu, mtaa ambao sikuwahi hata kuuota: lami hadi mlangoni, taa za njiani zinawaka, watoto wanatembea kwa miguu hadi shule. Bei naiweza kwa kujibana. Swali langu ni moja tu: mkopo wa miaka 10 au wa miaka 20? Muuzaji amenipa siku tisa. Naomba tusitoke nje ya mada.

Hesabu Kwanza
Dada, tuchukue riba ya 15% kwa mwaka inayotozwa kwenye salio linalopungua, iwe mfano tu. Ukikopa 100 kwa miaka 20, kila mwezi unalipa kama 1.32, na hadi unamaliza umerudisha kama 316. Ukikopa hiyo hiyo kwa miaka 10, kila mwezi ni kama 1.61, jumla 194. Rejesho la mwezi limepanda kwa chini ya robo, lakini tofauti ya mwisho ni 122, yaani unalipia nyumba nyingine kabisa uwape wenye benki. Na mwezi wa kwanza wa ule mkopo mrefu usije ukashtuka: katika 1.32 uliyolipa, 1.25 ni riba. Deni limepungua 0.07 basi.
Kaulize kama wanaruhusu kulipa kabla ya muda bila adhabu. Kama wanaruhusu, saini wa 20 ulipe kama wa 10. Mwezi mbaya ukija una pa kupumulia.

Bibi Kigoda
Mwanangu, mimi nitakujibu ambalo hukuuliza. Usikope. Sisi na marehemu mume wangu tulijenga kidogo kidogo miaka kumi na moja. Tulihamia chumba kimoja hakina dari, mvua ikinyesha tunasogeza kitanda. Kila mwisho wa mwezi mzee alikuwa anatoka nje anayahesabu matofali, hata kama hakuongeza hata moja. Tulilala pabovu lakini hakuna aliyewahi kutugongea mlango kudai. Vijana mnataka kuingia nyumba iliyokwisha na mapazia yake.

Paa Linavuja
Kwa heshima, Bibi, kiwanja cha kujengea polepole kinapatikana huko ambako dada anakimbia kutoka. Nauli na masaa ya barabarani nayo ni deni, halina karatasi tu.
Mimi namwambia hivi: nenda kaione hiyo nyumba mvua ikinyesha, na uende tena usiku. Mimi nilinunua wakati wa kiangazi. Ukutani kulikuwa na rangi mpya, nikafurahi, sikujiuliza kwa nini rangi imepakwa kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti tu. Masika ya kwanza maji yalifika pale pale rangi ilipoishia. Mchoro wa maji haufutiki, hata upake mara tatu unarudi na chumvi yake nyeupe. Nimeinua sakafu, nimechimba mtaro, na jirani wa juu naye akaziba mtaro kwa sababu eti unapita kwake, tukaanza kesi ambayo mpaka leo...

Jicho la Tatu
Umesema bei unaiweza. Nyumba za jirani zinauzwa bei hiyo hiyo?

Msaka Nyumba
Asanteni sana, Hesabu Kwanza umenifungua macho. Paa Linavuja, ukuta nimeukagua, ni mkavu. Jicho la Tatu, bei iko chini kama theluthi moja. Muuzaji ana safari na anahitaji pesa haraka. Si kila cha nafuu ni utapeli jamani, na sisi wa kipato cha kati tukisubiri bei ya soko tutazeekea kwenye nyumba za watu.

Jicho la Tatu
Sawa. Hati ina jina la nani?

Msaka Nyumba
Hati ipo, nimeishika kwa mikono yangu. Tafadhali turudi kwenye mkopo.

Mstaafu wa Mikopo
Binti yangu, nimekaa idara ya mikopo ya nyumba hadi nikastaafu. "Hati ipo" na "hati ina jina la anayeniuzia" ni mambo mawili. Kuishika si kitu. Upekuzi rasmi kwenye masjala ya ardhi ndio unaokuambia jina lililosajiliwa ni la nani, kama nyumba iko rehani, kama kuna mtu ameweka zuio, kama kodi ya ardhi inadaiwa. Umefanya?

Msaka Nyumba
Sijafanya. Ngoja niseme ukweli, maana naona hamtaniacha. Hati ina jina la baba yake, marehemu. Huyu ni mtoto wa kwanza, wako wanne. Wote wamekubali, amenionyesha ujumbe wao kwenye simu. Ni mtu mstaarabu, anaongea taratibu, hata watoto wangu wamemzoea. Mambo ya mirathi amesema atayakamilisha nikishalipa, kwa sababu wakili wake anataka malipo kwanza. Na mimi nimeshatoa arubuni, sehemu ya kumi ya bei. Ndiyo akiba yangu ya miaka mitano. Kwa hiyo msiniambie niache, niambieni nimalizie vipi.

Mtoto wa Tatu
Nimesoma hapa mikono inatetemeka. Mimi ni mtoto wa tatu kati ya watano. Baba alipofariki, kaka yetu mkubwa aliuza nyumba tuliyozaliwa kwa kuonyesha ujumbe kama huo. Mmoja wetu alikuwa amejibu "sawa" akidhani anaulizwa habari ya kuipangisha. Tulikaa mahakamani miaka saba. Nyumba ilirudi. Aliyenunua alikuwa mwalimu, mtu mwema kabisa, hakuwa na kosa zaidi ya kuharakishwa. Kaka alikuwa ameshatumia pesa yote. Kila tulipotoka mahakamani yule mwalimu alikuwa anatusalimia kwa heshima, na mimi nilikuwa nashindwa kumtazama.
Dada, huyo mstaarabu wako anaweza kuwa mkweli na bado akawa hana uwezo wa kukuuzia.

Mstaafu wa Mikopo
Mtoto wa Tatu amemaliza. Nyumba ya marehemu haiuzwi na mtoto wa kwanza, inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa, tena kwa ridhaa ya warithi. Kabla hajathibitishwa, unayempa pesa si muuzaji, ni mtu aliyezaliwa katika nyumba hiyo tu. Utaratibu salama ni huu: usimamizi kwanza, hati ihamie kwa msimamizi, mkataba mbele ya wakili WAKO, si wake, na pesa zikae kwa wakili hadi uhamisho usajiliwe. Mkataba wa arubuni unasemaje muuzaji akishindwa kutimiza? Au mliandikishana kwenye daftari?

Msaka Nyumba
Tuliandikishana. Mashahidi wawili, wote wa upande wake.

Kalamu Nyekundu
Samahanini wakuu, mimi nauona huu uzi haujakaa sawa. Mada ni mkopo wa nyumba wa miaka 10 au 20. Hakuna benki itakayotoa mkopo wa miaka 20 kwa dhamana ya hati yenye jina la marehemu. Hata fomu haifiki kwa meneja. Sasa huyo dada anachagua kati ya mikopo gani? Jana kipato cha kati, leo mirathi, kesho tutaambiwa nyumba ina jini. Tunapigwa kamba hapa.

Zamu ya Usiku
Kumbe! Mimi nilishangaa tangu ile "msomaji wa kimya". Wote wanaotunga huanza hivyo. Kama ni ya kutunga naomba sehemu ya pili, ila nyumba iwe na bustani.

Hesabu Kwanza
Nilikaa nusu saa na kikokotoo kwa ajili ya hadithi?

Paa Linavuja
Hata ikiwa ya kutunga, wangapi wamesoma hapa wakajua habari ya upekuzi? Ya kwangu ya maji si ya kutunga, kama kuna mtu anataka picha ninazo.

Mtoto wa Tatu
Kalamu Nyekundu, acha. Ya kwetu nayo ukiisimulia inafanana na uongo.

Msaka Nyumba
Sijatunga. Kalamu Nyekundu umegusa mahali nilipokuwa napaficha, na nimekaa na simu mkononi muda mrefu kabla ya kuandika hili. Benki ilikataa wiki mbili zilizopita. Afisa alifungua faili, akaona jina, akalifunga. Hiyo miaka 20 ni ofa waliyonipa kabla hawajaiona hati. Mpango wangu ulikuwa nichukue mkopo wa mshahara, wa muda mfupi na riba kubwa, nimalize kumlipa, mirathi ikikamilika benki ije inichukulie deni kwa ule mkopo mrefu. Ndiyo maana niliuliza 10 au 20. Nilitaka mtu aniambie inawezekana bila kujua yaliyobaki.

Mstaafu wa Mikopo
Asante kwa kusema. Huo mpango una mguu mmoja. Mirathi ikikwama unabaki na deni linalokatwa kwenye mshahara kila mwezi, huna nyumba, na kodi ya pango iko pale pale. Usisaini huo mkopo.

Bibi Kigoda
Mwanangu, nyote mnazungumza habari za watoto. Huyo marehemu hakuacha mke?

Jicho la Tatu
Bibi kauliza swali la uzi mzima. Na nyumba iko wazi au kuna mtu anaishi humo?

Zamu ya Usiku
Kimya tangu jana. Jamani, yupo?

Mstaafu wa Mikopo
Akiwa anasoma, ajue hili: sehemu nyingi sheria inamhesabu mnunuzi kuwa alijua haki za anayeishi ndani, kwa sababu angeuliza angejibiwa. Hawezi kuja kusema sikujua.

Msaka Nyumba
Nipo. Mama yao yupo, ndiye anayeishi humo. Mara zote tatu nilizokwenda nilimkuta. Muuzaji aliniambia atahamia kwa binti yake, na kwamba nisimtajie habari ya kuuza kwa sababu ana presha. Alinitambulisha kuwa mimi ni fundi mapazia. Nilikuwa nimebeba tepu ya kupimia vyumba, basi nikapima madirisha yote, naandika kwenye daftari, na mama ananishikia ncha ya tepu.
Hilo ndilo sikutaka kuliandika.

Mtoto wa Tatu
Ee Mungu.

Kalamu Nyekundu
Dada, nimefuta maneno yangu moyoni, humu hayafutiki. Nisamehe.

Bibi Kigoda
Nenda kamwambie. Usimtume mtu.

Msaka Nyumba
Wakuu, narudi na mrejesho. Mkopo wa mshahara sikusaini. Nimepata wakili wangu, ameandika barua ya kudai arubuni na kumtaka muuzaji aonyeshe barua za usimamizi. Wakili anasema daftari lile linathibitisha kwamba pesa ilipokelewa, ila kuipata itachukua muda. Upekuzi nimefanya pia: jina ni la marehemu, na kuna rehani ya zamani ambayo haijafutwa. Hilo hata muuzaji hakulisema. Nimeongeza miezi sita hapa ninapopanga.
Kwa mama nilikwenda jana asubuhi, peke yangu.

Bibi Kigoda
Alisemaje?

Msaka Nyumba
Kabla sijafungua mdomo aliniuliza mapazia yatakuwa tayari lini, maana la chumbani limechanika na jua la asubuhi linampiga machoni. Nilimwambia mimi si fundi. Akaniambia nikae kwanza.