Mrejesho: Bobi amefika Ubelgiji

Ndugu zangu, niliwauliza ni makaratasi gani yanatakiwa ili mbwa wetu Bobi amfuate dada yangu Ubelgiji kutoka hapa Lubumbashi. Amefika salama, asanteni sana.

Mliosema tuanze na chipu (kifaa kidogo chenye namba ya utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi) mlisema kweli: chanjo ya kichaa cha mbwa iliyochomwa kabla ya chipu, Ulaya hawaihesabu. Baada ya chanjo unangoja angalau siku 30, ndipo damu inatolewa na kupelekwa kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya; kinga dhidi ya kichaa cha mbwa isipungue 0.5 IU (vizio vya kimataifa) kwa mililita ya damu iliyopimwa. Halafu unangoja miezi 3 tangu siku ya kutolewa damu, kwa kuwa Kongo haimo kwenye orodha ya nchi zilizosamehewa kipimo hicho. Hapo ndipo moyo unachoka. Jamani, tiketi baadaye!

Cheti chenyewe cha afya cha kusafiria, sahihi ya kliniki peke yake haitoshi. Lazima daktari wa mifugo wa serikali akithibitishe, na mbwa aingie Ulaya ndani ya siku 10 tangu cheti kitolewe. Daktari wetu alipitisha kisomeo cha chipu shingoni mwa Bobi, akalinganisha tarakimu zote 15 na kila karatasi, ndipo akagonga muhuri. Mwenye paka, masharti ni yale yale.