Nimenunua deki na CD za DIVX, hazichezi. Naomba ushauri

MamaPili: Habari zenu wakuu. Niko Columbus, Ohio. Jumamosi nilinunua deki na CD 14 za filamu na katuni kwa jirani anayehama, zote dola 20. Nilitaka kuzitia kwenye pipa ninalotuma Tanga kwa mama, anayelea watoto wa dada yangu. Zote zimeandikwa DIVX na hakuna hata moja inayocheza. Deki ina tundu la waya wa simu. Kuna namna ya kuzifungua?

FundiDeki: Pole dada, hazifunguki tena. Mfumo huo ulikuwa wa Circuit City, maduka ya vifaa vya umeme ya Marekani, ulianza kuuzwa 1998. CD ilikuwa kama dola 4.50, na ukishaanza kuiangalia una saa 48 tu. Zikipita, unalipa tena, dola 3.25 hivi. Deki ilipiga simu yenyewe kupeleka hesabu zako. Juni 1999 mradi ukafungwa, na katikati ya 2001 mitambo ikazimwa. Deki haina tena pa kuomba ruhusa, hata kwa CD ambazo watu walilipia waangalie bila kikomo.

Mzee_Kijana: Nilikuwa Virginia miaka hiyo, wanangu wadogo. Nilipiga hesabu nikaikataa. Mtoto wa miaka minne anataka katuni ileile asubuhi na jioni, mwezi mzima! Saa 48 zinamtosha nini? Akienda nayo kwa shangazi yake, deki ya kule haimtambui, shangazi naye anadaiwa. Kwa mtu mzima anayeangalia mara moja, sawa. Kwa nyumba yenye watoto ni kulipia kitu kimoja kila wiki.

MamaPili: Asanteni sana. Na deki yenyewe niitume?

FundiDeki: Inacheza DVD za kawaida, ila usiitume. Ni ya volti 120, Tanga umeme ni 230, itaungua siku ya kwanza. Halafu DVD hufungiwa kwa kanda, yaani eneo la dunia: za Marekani ni kanda ya 1, Tanzania iko kanda ya 5. Mama anunue hukohuko deki inayosoma kanda zote, wewe tuma DVD za kawaida. Akiona deki za huko zina nembo ya DivX asiogope, ile ni teknolojia nyingine kabisa ya kubana video, imefanana jina tu.

MamaPili: Nimeelewa kaka. Zote 14 sizitii tena kwenye pipa. Kesho napita duka la mitumba kutafuta DVD, nafasi yake ninayo.