Kitambaa cha kufunika matuta wakati wa sakitu na upepo, Njombe: nani ametumia?

MamaBustani
Wakuu habari za humu. Niko Njombe, nje kidogo ya mji, bustani yangu iko sehemu mbili, kuna matuta nyuma ya nyumba huku mwinukoni na nyingine ni kinyungu kule bondeni karibu na kijito. Mwezi wa tano ndio huu unaisha na mtu yeyote wa huku anajua kinachokuja, sakitu, yaani umande unaoganda, Juni na Julai, usiku mbingu nyeupe nyota tupu hakuna hata kipande cha wingu, asubuhi ukitoka nyasi zote zimepiga nyeupe zinavunjika ukizikanyaga. Mwaka jana maharage na nyanya za kinyungu ziliisha usiku mmoja. Alfajiri majani yalikuwa yamekakamaa, jua lilipopiga yakalegea yakawa kama yamemwagiwa maji ya moto, kufika jioni meusi. Kabichi na sukuma pembeni hapo hapo wala hazikuwa na habari.

Mwaka huu nataka kufunika. Nimeona kwenye video wenzetu wa nchi za baridi wanatandaza kitambaa cheupe chepesi juu ya pinde, yaani fito zilizokunjwa kuvuka tuta, tuta zima linaingia ndani. Nimeenda duka la pembejeo nikaonyeshwa neti ya kivuli ya kijani, neti nyeupe ya kuzuia wadudu na nailoni ya grinihausi, kitambaa chenyewe hawana. Je hivi vinaweza kufanya kazi ile ile? Halafu kuna upepo, huku mchana unapiga kuanzia saa nne mpaka jioni, kitu chepesi chochote unakikuta kwa jirani. Nina na miche ya parachichi niliyopanda msimu huu, hiyo nayo inanitia wasiwasi. Msaada jamani.

BwanaShamba_Uyole
Dada, swali zuri na umewahi, wengi huuliza mwezi wa saba mboga zikishakuwa nyeusi.

Kitu cha kwanza elewa kitambaa hakitengenezi joto, joto liko kwenye udongo. Mchana kutwa udongo unakunywa jua, usiku unalirudisha juu, na mbingu ikiwa wazi lote linapotea kwenda angani. Wingu likiwepo linalizuia ndio maana usiku wa mawingu hamna sakitu. Kitambaa kinafanya kazi ya lile wingu, kiko karibu tu. Kwa hiyo ukifunika saa tatu usiku umechelewa, joto limeshaondoka, funika saa kumi na moja jioni jua likiwa bado linaonekana. Na udongo mkavu haushiki joto vizuri, siku ukiona mbingu inasafishika mwagilia saa nane mchana uloweke udongo wenyewe, majani yawahi kukauka kabla ya jioni. Kama una matandazo mazito ya nyasi kavu yasogeze pembeni kidogo siku hizo, maana yanazuia jua lisiingie kwenye udongo mchana na usiku yanazuia joto lisitoke kuja kwenye mmea.

Vitu ulivyoonyeshwa dukani, neti ya kivuli na neti ya wadudu zina matundu, zinapunguza upepo na zinasaidia kidogo sana kwenye baridi, usizitegemee usiku wa sakitu ya kweli. Nailoni inazuia umande na upepo lakini joto linapita kirahisi usiku, halafu nailoni ikigusa jani, jani linaungua pale pale lilipogusana. Na asubuhi ukichelewa kuifungua kwenye jua la Njombe ndani panapikika, saa nne tu mboga imelegea. Kitambaa kinapumua, hata ukisahau mpaka saa tano hakuna msiba.

Lingine, hicho kinyungu chako. Hewa ya baridi ni nzito, inateremka usiku kufuata mlima na kutuama bondeni, ndio maana chini kuliungua. Nyanya na maharage ya Juni peleka juu mwinukoni, chini weka kabichi, karoti, vitunguu, njegere. Njegere mmea wake unavumilia ila maua yake hayavumilii, panda kwa hesabu yasichanue Julai.

Shamba_Kinangop
Hujambo mama, mimi niko upande wa Kenya, Kinangop, huku tuko juu kama mita 2,500 na baridi yetu mbaya zaidi ni Januari mbingu ikiwa wazi, viazi zinachomeka hadi unashangaa. Na upepo tunaujua sana, hapa ndio walitaka kuweka ile mitambo ya umeme ya upepo kabla mradi ukwame 2016.

Nataka kukuambia kuhusu upepo peke yake sababu huko juu hawajaguza. Upepo na sakitu haziji usiku mmoja. Sakitu inataka usiku umetulia kabisa, upepo ukivuma hewa ya juu yenye joto inachanganyika na ya chini na mmea unapona. Lakini hiyo upepo ya mchana ndio itakuharibia hicho kitambaa, itararuka hata kabla usiku wa sakitu ufike. Kwa hivyo vita yote iko kwa kingo. Watu wengi wanaweka mawe hapa moja na pale moja, upepo unapata nafasi kati ya mawe unaingia chini na kitambaa inafura, ikishafura imeenda. Chimba mfereji mdogo kando ya tuta urefu wote, ingiza kitambaa ndani karibu futi moja, rudisha udongo ukanyage. Upande mmoja uzike kabisa, ule mwingine wa kufungulia wekea viroba vilivyojaa mchanga, vishikane bila nafasi. Kiroba hakitoboi kitambaa, jiwe lenye makali linatoboa.

Pinde fanya fupi, nusu mita kutoka ardhini inatosha kwa mboga nyingi, zikiwa ndefu upepo unazishika. Ukishafunika pitisha kamba juu ya kitambaa, toka mguu wa upinde huu kwenda mguu wa upinde unaofuata upande wa pili, zigizaga hadi mwisho. Na kama bado unatengeneza matuta yaelekeze upepo unapotoka, ukutane na ncha nyembamba sio ubavu.

MzeeWaMufindi
Wajukuu zangu, nimesoma yote. Mimi nasema kabla ya kununua kitambaa angalia kwanza ulichonacho. Sisi tulikuta wazee wanafunika vitalu vya miche kwa nyasi juu ya vichanja na miche ilipona. Kwa miche ya parachichi kitambaa cha matuta ni kazi bure, wewe chomeka fito nne kuzunguka mche, pandishia nyasi upande upepo unakotoka na juu yake, acha wazi upande wa mashariki ipate jua la asubuhi. Kibanda hicho kinakaa mpaka mwezi wa tisa. Mche ukiungua ncha usiukate haraka, ngoja mvua zianze uone umechipua kutoka wapi, ila ukichipua chini ya pale palipobebeshwa ujue Hass, ile parachichi ya kisasa iliyobebeshwa, imekufa, hiyo inayoota ni ile ya kienyeji.

Pinde tumia mianzi, huku kwetu na kwenu Njombe imejaa. Pasua vipande vyembamba, loweka usiku, vinapinda bila kuvunjika, kisha kwangua sana zile nyuzi za kingoni maana zinachana kitambaa. Chukua mianzi iliyokomaa. Mtu akikata machipukizi ya ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kwa ajili ya bustani huyo hatutaelewana.

Kingine usiweke ukuta wa mabati kuzuia upepo. Upepo ukigonga kitu kigumu unaruka juu na kuanguka upande wa pili kwa fujo, mboga zinapigwa vibaya zaidi. Panda matete au grevilea, upepo upite kidogo kidogo. Miti ya milingoti (mikaratusi) usiikaribishe, itakunywea maji yote ya bustani.

MamaBustani
Asanteni sana, mzee shikamoo. Kumbe kinyungu ndio tatizo lenyewe, nilikuwa nadhani ni bahati mbaya tu.

Sasa nauliza tena. Vyandarua vya zamani vipo nyumbani, vinaweza kusaidia? Na kile kitambaa cha ile mifuko mbadala iliyoingia plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, mbona ukikishika kinafanana kabisa na hicho cha kwenye video? Nikiunganisha je?

DadaMinnesota
Habari dada, nimezaliwa Moshi ila kwa sasa naishi Minnesota na huku bila hicho kitambaa huwezi kula mchicha wa kwako. Sakitu ya mwisho inaweza kupiga katikati ya Mei na ya kwanza inarudi mwisho wa Septemba au Oktoba mwanzoni, kwa hiyo tunafunika pande zote mbili za msimu, mchicha, mnavu, kunde, majani ya maboga, vyote vinaanza maisha ndani ya kitambaa.

Umeona sawa, ni jamii moja na kitambaa cha mifuko, zote ni nyuzi za polipropilini zilizobanwa kwa joto bila kufumwa. Hata kile chepesi ambacho mafundi sofa wanapigilia chini ya kochi ni hicho hicho. Tofauti iko kwenye uzito na dawa ya jua. Cha bustani kinapimwa kwa gramu za mita moja ya mraba. Cha gramu 17 hivi kinapitisha mwanga kama asilimia 85, hicho zaidi ni cha wadudu, baridi kinapunguza nyuzijoto moja au mbili tu za Selsiasi. Cha gramu 30 kinapitisha kama asilimia 70 na kinakupa nyuzi mbili mpaka tatu, kwa Njombe mimi ningechukua hicho. Cha gramu 50 kinakinga zaidi lakini mwanga unaopita ni kama nusu tu, lazima ukitoe kila asubuhi la sivyo mboga zinarefuka zinapauka. Cha mifuko ni kizito na kina rangi, kwa usiku mmoja mmoja tumia, asubuhi toa. Na kwa kuwa mara nyingi hakina dawa ya jua, ukikiacha nje kitaanza kumeguka mkononi baada ya muda na vipande vinabaki kwenye udongo wako, hilo silipendi kabisa. Ukienda kununua uliza kama kina kinga ya UV, ndiyo hiyo dawa ya jua, chenye kinga ukikitunza, yaani kikavu, kimekunjwa, mbali na panya, kinarudia msimu mwingine.

Chandarua hapana dada. Matundu ni makubwa joto linatoka, halafu vingi vina dawa ya mbu ambayo haikukusudiwa kugusa mboga ya kuliwa. Na kama bado kizima watu walale ndani yake.

Usiache kitambaa kilalie majani usiku wa sakitu, sehemu inayogusa ndio inaungua, hapo pinde ni lazima. Na maboga, matango, matikiti yakianza kuchanua fungua mchana nyuki waingie, usipofungua utapata maua mazuri na hakuna tunda. Nyanya na maharage yanajichavusha yenyewe, ila nyanya itikise tikise kamba kwa sababu ndani hamna upepo.

Shamba_Kinangop
Naongeza hapo kwa dada wa Minnesota, ukifunika kila wakati palilia kwanza. Magugu pia yanapenda hiyo joto, na ukifungia vidukari ndani wanazaana bila mdudu wa kuwala. Inua kitambaa kila wiki uangalie chini ya majani.

MamaBustani
Nimeelewa vizuri sasa. Nyanya na maharage nahamishia juu, bondeni nabakiza kabichi na karoti, parachichi najenga vibanda vya nyasi kama alivyosema mzee, mianzi ipo kwa shemeji. Kitambaa naagiza cha gramu 30 kupitia mtu anayeleta mizigo kutoka Dar. Matuta yangu yana upana wa mita moja, niagize upana gani nisije kupungukiwa pa kuzika?

BwanaShamba_Uyole
Upinde wa nusu mita kwenda juu kwenye tuta la mita moja, mzunguko wake ni kama mita moja na nusu na kidogo. Ongeza sentimita 30 kila upande za kuzika, inakuja mita 2.2, kwa hiyo cha mita 2 kitakubana, chukua cha mita 2.5 au zaidi ukate. Urefu ongeza mita moja kila ncha, ile unayoikusanya na kuifunga kwenye kigingi. Fito zenyewe za pinde zikate mita 2.1, robo mita iingie ardhini kila upande, na kati ya upinde na upinde weka mita moja, ile ncha inayopokea upepo zisogeze karibu zaidi.

Na nunua kipimajoto cha bei ndogo, usikitundike barazani, kiweke kwenye kijiti usawa wa majani ya maharage. Barazani kinaweza kusoma nyuzi 3 wakati kule chini kwenye tuta ni sifuri. Kikisoma nyuzi 5 saa nne usiku na nje nyota zimejaa, usilale kabla hujahakikisha kingo zote zimefungwa.

MamaBustani
Mita 2.5 basi. Kitambaa kikifika nitaweka picha humu, na kipimajoto nakitafuta Jumamosi mjini. Mbarikiwe.