Sanderson ya mtiki, Linhof Technika IV au MPP, ipi ina thamani kweli?

MjukuuWaStudio (Leicester)
Wakuu habari zenu. Babu yangu alikuwa na studio Tanga, kamera yake ya mbao kubwa iliuzwa kabla mi sijazaliwa na tangu nianze kupiga picha nimekuwa nikitafuta ya namna ile. Sasa nina pauni 900 nimezikusanya mwaka mzima na kuna mzee mmoja huku anapunguza mali zake, ana tatu nilizozipenda. Ya kwanza Sanderson Tropical ya hafu pleti (saizi ya zamani ya kioo cha negativu), mbao ya mtiki na shaba kila kona, mvukuto wa ngozi nyekundu, anataka 620. Ya pili Linhof Technika IV ya inchi 4 kwa 5, ina lenzi ya Symmar 150 na kemu tatu za renjifainda (kile kipima umbali cha kufokasi), anataka 850. Ya tatu MPP Mark VII, hiyo ni 340 tu. Nataka kitu ambacho nitakitumia lakini pia nisije nikaambiwa baadaye nimetupa hela. Mnathaminishaje vitu hivi, maana nikiangalia bei za mtandaoni kila mtu anaandika "rare" na mi sielewi adimu ni ipi na ya kawaida ni ipi.

fundi_lenzi
Mkuu kwanza hizo bei unazoziona zimeandikwa ni bei za kuomba, usizihesabu. Angalia zilizokwisha kuuzwa, minadani matokeo huwa yanawekwa wazi.

Nikija kwenye Linhof, hiyo IV ilianza 1956 na ni chuma cha Munich haswa, lakini thamani yake iko kwenye hizo kemu ambazo wewe umezitaja kwa maneno mawili. Kemu ni kile kipande cha chuma kilichochongwa kwa mkunjo, kinaiambia renjifainda lenzi iko umbali gani, na kila kimoja kimechongwa kwa lenzi moja tu, sio kwa Symmar 150 yoyote, ni kwa ile ile. Namba ya lenzi inagongwa kwenye kemu. Kwa hiyo nenda na karatasi, andika namba ya lenzi halafu andika za kemu, zikipishana basi renjifainda itakudanganya na utabaki kufokasi kwenye kioo cha nyuma kama kamera nyingine yoyote. Inafanya kazi, ila hiyo sio Linhof ya 850 tena. Halafu kemu tatu kwa lenzi moja maana yake lenzi mbili ziliuzwa kando, muulize ziko wapi.

Mwanakombo_MSA
Kaka Mjukuu, mimi moyo wangu uko kwa Sanderson na nitakueleza kwa nini. Huyo Sanderson alikuwa seremala wa Cambridge aliyependa kupiga picha za majengo, akachoshwa na kamera ambazo ukiinua lenzi kidogo zinalegea, akabuni zile mbavu za shaba zenye mfereji pembeni, patenti yake ni ya 1895, na Houghton wa London ndio waliomuuzia. Sasa hiyo Tropical ilikusudiwa nchi za joto na unyevu kama kwetu huku pwani. Mtiki una mafuta yake wenyewe mdudu hautaki, na kwa vile gundi ya zamani ilikuwa inaachia kwenye unyevu viungo vyake vikakazwa kwa skrubu na mabamba ya shaba, yaani ile shaba unayoiona kila kona haikuwekwa kwa ajili ya urembo. Ndio maana watu wanaitafuta kuliko ile ya mahogani ya kawaida.

Lakini sikiliza, niambie inang'aa vipi? Kama inang'aa kama meza mpya ya harusi, rudi nyuma. Mtu akishapiga msasa akapaka vanishi mpya na kusugua shaba mpaka ikawa kama dhahabu, mkusanyaji haitaki, na hilo halirudishiki. Angalia vichwa vya skrubu, vikiwa vimechubuka ujue imefunguliwa na mtu asiye na bisibisi ya saizi yake. Holda zake, vile vibebeo vya pleti, kila upande una namba, 1 na 2, 3 na 4, hesabu kama zinafuatana.

Na swali moja kaka, pleti za babu zipo?

dakrumu_toronto
Ndugu zangu mnaongea vizuri lakini hamjamjibu jambo la adimu. Adimu peke yake haina bei mpaka pawe na watu wawili wanaoitaka siku moja. Giroux ya 1839, kamera ya kwanza kabisa kutengenezwa kwa ajili ya kuuzwa, yenye saini ya Daguerre mwenyewe, yule Mfaransa aliyevumbua picha za daguerreotype, iliuzwa Vienna mwaka 2010 kwa euro 732,000. Leica moja ndogo ya mfululizo wa 0, ile ya Oskar Barnack mwenyewe aliyeibuni Leica, ikauzwa 2022 kwa euro milioni 14.4. Ukubwa, ukongwe, mbao, shaba, vyote vile havikushinda kakamera ka mkononi, kwa sababu wakusanyaji wa Leica ni wengi na wana hela. Za mbao za hafu pleti zilitengenezwa na makampuni mengi sana Uingereza, nyingine kweli zimebaki chache lakini hakuna anayeuliza.

Kwa hiyo mi ningekwambia geuza macho, acha boksi, soma lenzi. Mara nyingi kwenye kamera hizi lenzi ndo inabeba zaidi ya nusu ya bei. Petzval nzuri ya shaba, lenzi ya zamani ya kupigia sura za watu, inaweza kuuzwa kuliko kamera iliyoibeba. Hiyo Sanderson ina lenzi gani? Kama imeandikwa Cooke basi imetoka hapo hapo mjini kwako, Taylor, Taylor & Hobson waliozitengeneza walikuwa Leicester.

Kijana_wa_4x5
MPP mnaidharau bure. Ninayo ya Mark VII miaka sita sasa, inakunjika ndani ya boksi lake, inapinda mbele na nyuma, filamu ya inchi 4 kwa 5 unaipata dukani muda wote. Filamu ya hafu pleti kampuni ya Ilford wanaikata kwa oda maalumu mara moja kwa mwaka, ukipitwa umepitwa. Mtu anayetaka kupiga picha achukue MPP na 560 iliyobaki anunue filamu.

MjukuuWaStudio
Wakuu nimerudi, jana nilikaa kwa mzee saa tatu nzima.

Linhof: kemu moja tu ndo ina namba ya Symmar niliyoonyeshwa, mbili ni za lenzi alizoziuza zamani, na mwenyewe alikiri bila shida. MPP ni safi, shata inalia vizuri mpaka sekunde moja ndo inachelewa kidogo.

Sanderson nilizima taa nikaweka tochi ndani ya mvukuto kama nilivyosoma, nikaona nukta tatu za mwanga kwenye kona ya juu. Mbao haijapigwa msasa, ina rangi ya chai nzito na sehemu za kushika zimekuwa nyeusi kwa mikono ya watu. Skrubu mbili za chini zimechubuka. Holda ziko tatu, 1-2, 3-4, halafu 9-10. Lenzi ni Cooke, dakrumu ulikuwa sahihi, ila kioo cha mbele kina fangasi pembeni.

Dada Mwanakombo, swali lako lilinifanya nimpigie mjomba Tanga. Pleti zipo, boksi mbili.

fundi_lenzi
Matundu ya kona yanazibika kwa rangi nyeusi ya mpira, unapaka kidogo kidogo kwa ndani. Fangasi ikiwa juu ya kioo inafutika, ikiwa imekula kioo haitoki. Kwa hayo 620 ni nyingi, mtajie 430.

dakrumu_toronto
Naunga mkono bei, sikubaliani na ununuzi. Ukija kuiuza holda zisizofuatana zitakuangusha.

Mwanakombo_MSA
Filamu isikutishe, karatasi ya picha unaikata mwenyewe chini ya taa nyekundu inakuwa negativu. Mwambie mjomba apime hizo pleti kwa rula.

MjukuuWaStudio
Tumekubaliana 460 na akaniongezea kitambaa chake cheusi. Kijana, MPP nimeiacha kwa shingo upande, nimemwambia mzee kuna mtu wa kuitaka.

Mjomba kapima leo asubuhi. Inchi 4 na robo tatu kwa 6 na nusu, zote, yaani hafu pleti kamili. Atanitumia moja na shangazi anayekuja mwezi ujao, nataka kuiweka kwenye holda namba 1 nione inavyokaa.