Windows 11, Linux Mint au kubaki na Windows 10? Kompyuta tisa za steshenari

MamaKopi (Mwanza)

Wakuu, shikamooni mlionizidi, wengine habari za jioni. Naombeni ushauri wa dhati.

Nina steshenari karibu na chuo, kompyuta tisa. Saba ni za mezani, used kutoka Ulaya, Core i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 4, diski ile ya zamani ya kuzunguka. Mbili ni laptop za kizazi cha nane. Zote zina Windows 10. Zile saba nilizinunua zikiwa zimeshapigwa Windows, leseni sikupewa wala sikuuliza. Sasa Microsoft waliacha kutoa viraka vya usalama vya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mimi kila siku napokea flashi za watu arobaini, hamsini.

Juzi binti mmoja alileta utafiti wake wa mwaka wa mwisho, siku moja kabla ya kukabidhi. Tulipochomeka flashi kwenye mashine namba tatu, folda zote zikawa shotikati za KB 1. Alikaa chini palepale mbele ya kaunta akaanza kulia. Kazi yake tuliipata baada ya saa mbili, lakini mpaka leo sijui kirusi kilitoka kwake au kilitoka kwangu kikamwingia. Hilo ndilo linaninyima usingizi.

Kazi zetu: Word, Excel, Publisher kwa kadi za harusi na vipeperushi, picha za pasipoti, skani, maombi ya vyuo na mikopo mtandaoni. Printa ni Epson mbili za wino wa kumimina na HP moja ya leza. Kununua mashine saba mpya siwezi. Nifanyeje?

fundi_igoma

Dada, kwanza hilo la flashi, maana litakusaidia kesho asubuhi. Kirusi cha shotikati hakifuti kazi ya mtu. Kinazipa folda alama ya kufichwa, au kinazisukumia ndani ya folda isiyo na jina, halafu kinaweka shotikati ili ukibonyeza ukiamshe chenyewe. Alama hiyo ya kufichwa ni ya Windows, Linux haiifuati. Chomeka flashi hiyohiyo kwenye mashine yenye Linux Mint (mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows), utaona folda zimekaa zilivyo na shotikati pembeni hazina kazi. Unanakili, unafomati flashi, unamrudishia mtu. Dakika tano.

Sasa mashine. Windows 11 inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama. Laptop zako mbili zinaingia, saba haziingii. Mafundi wengi mjini watakwambia watailazimisha, na kweli inalazimishika, ila Microsoft hawakuahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho. Kwa mtu anayehofia usalama, hapo hujapata ulichokitafuta.

Ningekuwa wewe, zile saba ningezipiga Linux Mint 22, toleo la Xfce. Ni nyepesi, RAM ya GB 4 inatosha, na viraka vyake vipo mpaka 2029. Hela kidogo uliyonayo nunua SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, hata ndogo, moja moja kila mwezi. Na usianze kwa kufuta kitu: weka Mint kwenye flashi, washa mashine kutokea kwenye flashi hiyo, jaribu printa zote tatu na skana kwa siku nzima. Epson na HP kwa kawaida zinakubali bila kuhangaika na draiva. Ukiridhika ndipo usakinishe.

Publisher ndiyo shughuli. LibreOffice, programu za ofisi za bure, ina Draw inayofungua mafaili yake lakini fremu zinahama. Ila jua kwamba Microsoft wenyewe wametangaza kuiua Publisher Oktoba 2026, kwa hiyo kadi zako zitahitaji makao mapya hata usipoigusa Linux.

Katibu_Muhtasi

Mkuu Igoma umesema vizuri lakini hujawahi kusimama kaunta. Mimi nimechapa miaka kumi na tisa. Mteja analeta barua ya Word yenye jedwali, nikiifungua kwenye LibreOffice jedwali linavuka ukurasa, namba za yaliyomo zinahama. Kwa mwanafunzi ambaye msimamizi wake anapima pambizo kwa rula, hiyo ni kazi ya kurudiwa, na lawama zinakuja kwa mchapaji.

Windows ya leo pia msiiseme kama ile ya 2005. Defender ya kuzuia virusi imo ndani, Secure Boot ya kulinda mashine inapowaka imo, viraka vinakuja kila Jumanne ya pili ya mwezi. Tukumbuke WannaCry, kirusi cha kudai fidia, Mei 2017, kilichofunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150 na kuvuruga hospitali za umma za Uingereza. Kiraka cha tundu lile Microsoft walikitoa Machi, miezi miwili kabla. Walioumia ni ambao hawakusasisha. Mama, Windows ya kukraki mara nyingi huja masasisho yakiwa yamezimwa makusudi, na zana ya kukrakia yenyewe inaweza kuwa ndiyo mzigo. Mimi naogopa hicho kuliko jina la mfumo.

Ushauri wangu: Windows 11 halali kwenye laptop mbili, kazi zote za mwisho zimalizikie hapo.

Huru_Daima

Mnazunguka mbuyu. Tundu la WannaCry lilijulikana na shirika la ujasusi la Marekani, NSA, wakalikalia kimya na kutengeneza silaha yao, EternalBlue. Ikavuja Aprili 2017, mwezi uliofuata hospitali zikafungwa. Msimbo uliofungwa unajua ukweli wake mwenye nao tu, na mwenye nao yuko chini ya serikali yake. Linux iko wazi, haina chama, haina virusi. Mada imeisha.

Mlinzi_wa_Seva

Ndugu Huru, nakaa na seva za Linux mchana na usiku na ninaipenda, ndiyo maana sitaki iuzwe kwa maneno hayo.

Kuna programu ya kubana mafaili inaitwa xz, imo karibu katika kila Linux. Aliyeitunza alikuwa mtu mmoja, wa kujitolea, aliyekwisha kusema hadharani kwamba amechoka. Akatokea msaidizi anayejiita Jia Tan, mpole, mchapakazi, akasaidia zaidi ya miaka miwili mpaka akakabidhiwa funguo. Mapema 2024 akatoa matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yenye mlango wa nyuma wa kuingilia seva za watu, na sehemu ya sumu yenyewe akaificha ndani ya mafaili ya majaribio, mahali ambapo hakuna anayesoma.

Aliyetuokoa ni Andres Freund, mtaalamu wa hifadhidata ya PostgreSQL. Aliona kuingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuiendesha seva kutoka mbali, kunachelewa kwa kama nusu sekunde. Nusu sekunde tu! Wengi wetu tungesema mtandao leo mzito, tukaendelea. Yeye akafuatilia mpaka shinani, tarehe 29 Machi akautangazia ulimwengu, kabla sumu haijafika kwenye matoleo makuu tunayoyatumia kazini. Na mwajiri wake, ndugu yangu, ni Microsoft.

Uwazi ulimwezesha Freund kuchimba, hilo nakuunga mkono kwa mikono miwili. Lakini uwazi bila mtu wa kusoma ni mlango usio na bawabu. Na chama kipo: Oktoba 2024 baadhi ya watunzaji Warusi waliondolewa kwenye orodha ya watunzaji wa kiini cha Linux kwa sababu ya vikwazo dhidi ya Urusi. Miezi minne kabla, Marekani ilikuwa imepiga marufuku uuzaji wa antivairasi ya Kaspersky nchini mwake. Siasa inaingia kote, kwenye uliofungwa na ulio wazi.

Huru_Daima

Nakubali la xz, sikulijua kwa kina hivyo. Lakini siasa ndiyo hoja yangu hasa. Tazameni Munich. Jiji zima lilihamia Linux, chama kikabadilika, chama kipya kikawarudisha Windows. Mfumo ulikuwa sawa, wanasiasa ndio waliouua.

Ughaibuni_Kiel

Naishi Ujerumani mwaka wa tisa, naomba nisahihishe kwa heshima, maana kisa hiki husimuliwa kwa haraka.

Baraza la Munich liliamua mwaka 2003, na Steve Ballmer wa Microsoft alikwenda mwenyewe kumwona meya kabla ya kura, bila mafanikio. Kufikia 2013 kompyuta kama 15,000 zilikuwa zimehama. Mwaka 2014 alibadilika meya, lakini chama kilekile: Christian Ude na Dieter Reiter wote ni SPD, chama cha mrengo wa kushoto. Kilichobadilika ni mshirika. Ude alitawala pamoja na chama cha Kijani, Reiter akashirikiana na CSU, chama cha wahafidhina, na 2017 wakapiga kura ya kurudi Windows. Uchaguzi wa 2020 ukawarudisha Kijani madarakani na SPD, wakaandika kwenye makubaliano yao kwamba programu huria zipewe nafasi ya kwanza inapowezekana.

Sasa njoo huku kwetu, Schleswig-Holstein. Aprili 2024 serikali ya jimbo ilitangaza kuhamisha kompyuta 30,000 kwenda LibreOffice, kisha Linux. Anayeongoza serikali hii ni CDU, ndugu wa damu wa CSU ile ya Munich! Kwa hiyo huwezi kusema wahafidhina ni Windows na wa kushoto ni Linux. Kinachosemwa ofisini hapa ni kutotaka ofisi ya serikali itegemee kampuni moja ya nje. Na watumishi wanalalamika kuhusu majedwali, Katibu, kama ulivyosema.

Kisauni_01

Salaam kutoka Mombasa. Mmegusa siasa na programu, siwezi kunyamaza.

Sisi Kenya kwenye uchaguzi wa 2017 tulipiga kelele "fungua sava" mpaka koo likakauka. Mahakama ya Juu iliamuru upande wa upinzani upewe nafasi ya kuzikagua sava za tume ya uchaguzi, amri haikutekelezwa ipasavyo, na tarehe 1 Septemba uchaguzi wa rais ukabatilishwa kwa majaji wanne dhidi ya wawili. Mtaani kwetu watu wasiojua kuwasha tarakilishi walikuwa wakibishana juu ya sava. Na kila mtu aliamini kilichopendwa na chama chake.

2022 nilikuwa wakala kituoni. Nilitia saini fomu 34A, ile ya matokeo ya kituo, alfajiri, nimechoka, kalamu ikivuja wino kidogo pembeni ya jina langu. Baadaye nikaingia kwenye tovuti ya tume, nikafungua fomu ya kituo chetu kwa simu: saini yangu, na lile doa la wino. Vituo vilikuwa 46,229 na yeyote aliyetaka alipakua na kujumlisha mwenyewe. Kesi ilikwenda tena mahakamani, watu hawakuacha kubishana, lakini safari hii mabishano yalikuwa na karatasi mezani.

Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, mwenzetu wa Kiel atanisahihisha, mwaka 2009 ilizikataa mashine za kura zilizotumika 2005 kwa hoja hii: mwananchi lazima aweze kuhakiki hatua muhimu za kura bila kuwa mtaalamu. Msimbo wazi ni mzuri kwa kina Freund. Mimi nataka kitu ninachoweza kukihakiki kwa macho yangu.

Ughaibuni_Kiel

Sina la kusahihisha. Ni Machi 2009.

fundi_igoma

Tumrudie dada jamani, ana flashi hamsini kesho.

Dada, aliyosema Kisauni yanakuhusu. Weka mashine moja ya Mint kaunta, skrini imgeukie mteja. Kila flashi ianzie hapo, mwenyewe aone folda zake zilivyo kabla hazijaingia ndani. Siku nyingine mtu akisema "kirusi ni chenu", nyote mnajua flashi ilifika vipi.

Katibu_Muhtasi

Hilo naliunga mkono. Na mafaili yatoke kwa PDF. Mteja akishaona PDF na kukubali, printa yoyote itatoa kilekile.

Mlinzi_wa_Seva

Nyongeza moja, kwa atakayebaki Windows 10: kuna viraka vya nyongeza vya mtu binafsi mpaka 13 Oktoba 2026, dola 30, au bila malipo ukihifadhi mipangilio kwenye akaunti ya Microsoft. Mashirika yanatozwa dola 61 kwa kifaa mwaka wa kwanza, na bei huongezeka maradufu kila mwaka. Yote hayo ni kwa nakala halali. Kwa zile saba, hesabu hiyo haipo.

Na nakala rudufu, mama. Diski ya nje, kila jioni, ikishamaliza ichomolewe. Hakuna mfumo utakaokusamehe hilo.

MamaKopi (Mwanza)

Wakuu, narudi baada ya wiki mbili. Ahsanteni sana.

Mashine namba tatu ndiyo niliyoanza nayo, sasa iko kaunta, Mint, skrini inamtazama mteja. Siku ya nne alikuja kijana na flashi ya shotikati tupu, ameshaambiwa mahali pengine kwamba kazi imepotea. Nikaichomeka, folda zikatokea zote mbele yake. Alinishika mkono hakuniachia.

Tatu zaidi zimeshahamia. Epson zinaprinti, HP ilikubali papo hapo, skana ya Epson ya pili ilitaka kusumbua ila tulifika. Laptop mbili nimezilipia Windows 11, Katibu, na tasnifu zote zinamalizikia hapo. Mashine tatu zilizobaki nimezichomoa intaneti, ni za kuchapa tu mpaka nipate SSD.

Kadi za Publisher ninazo zaidi ya mia nne, kuna za harusi za watu ambao sasa wanaleta watoto wao kupiga picha za pasipoti. Nimeanza kuzigeuza PDF moja moja jioni nikishafunga. Fundi wa Igoma, zile fonti za kadi zinakataa kufunguka upande wa Mint, majina ya maharusi yanatoka kwa herufi za kawaida. Ukipita Nyegezi Jumamosi, nipo mpaka saa mbili usiku.