Laki 3 za Mwenye Noah

Dada Mkubwa: Dogo, aliyeumia kwenye ile ajali ya boda na Noah, katoka thieta salama. Muundi ulivunjika vibaya na mfupa ulitokeza, kwa hiyo kafungwa vyuma kwa nje mpaka kidonda kitulie. Vya ndani baadaye.

Mama Mdogo: Alhamdulillah. Kazinduka?

Dada Mkubwa: Kazinduka, anadai simu yake 😂

Shangazi Mbagala: Si mngempeleka kwa yule mzee wa kuunga mifupa Mkuranga? Mwanangu alipona pale bila hata wembe.

Kaka Mwenge: Shikamoo Shangazi. Wa kwako hakuwa na kidonda. Huyu akifungwa majani juu ya kidonda kile, tutakuja kujadili kukatwa mguu.

Shangazi Mbagala: Marahaba. Nimesema tu jamani.

Dada Mkubwa: Mpaka sasa zimetoka 1,650,000. Bado kitanda, dawa, na bajaji za kliniki, maana daladala hapandi na vyuma vile. Banda lake la chipsi limefungwa na kodi inamsubiri. Pia wanataka watu wawili wakachangie damu.

Baba Mdogo: Nimetuma 100,000 na ya kutolea. Sasa kuna hili. Mwenye Noah kanipigia, anatoa laki 3 tuyamalize kienyeji. Ana karatasi ya kusaini.

Binamu Gongo la Mboto: Pokea Baba Mdogo. Bima ni njoo kesho, njoo kesho.

Kaka Mwenge: ASISAINI MTU! Noah ndiyo iliyokata kona mbele ya boda. Bima ndogo ni lazima kisheria, na kazi yake ni hiyo hiyo, kumlipa aliyeumizwa. Abiria wa boda kama Dogo naye yumo. Ukisaini kwamba huna madai, karatasi hiyo ndiyo watakayokutolea mbele ya safari. Laki 3 hata vyuma haifikii!

Mama Mdogo: Wanataka nini hao wa bima?

Kaka Mwenge: PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, iliyojazwa na daktari, ripoti ya trafiki na mchoro wa ajali, risiti zote. Hata za duka la dawa, Dada, usitupe.

Dada Mkubwa: PF3 ninayo, daktari hajajaza upande wake. Risiti zimo kwenye pochi, moja ina damu lakini inasomeka.

Mama Mdogo: Na deni la hospitali likizidi, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo mkaombe kulipa kidogo kidogo. Baba watoto alipolazwa walitusikiliza.

Binamu Gongo la Mboto: Na bima yenyewe ikiwa feki je?

Kaka Mwenge: Namba ya gari inaangaliwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, mtandaoni. Nani ana picha?

Baba Mdogo: 📷 Hiyo. Nilipiga palepale Tabata Relini kabla hawajaivuta.

Binamu Gongo la Mboto: Mimi naenda kuchangia damu saa 3 asubuhi. Nani mwingine?

Kaka Mwenge: Bima iko hai, inaisha Novemba.

Baba Mdogo: Basi akipiga tena namwambia tukutane kituoni.